Hospitali ya shikamoo nyingi: nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za nesi mmoja

Nyota tatu kati ya tano, na naandika nikiwa nimetulia, hasira zilishaisha. Ni hospitali binafsi maeneo ya Kinondoni, ya ghorofa, vioo mbele, lifti mbili, kiyoyozi mpaka koridoni, ukiingia unapewa karatasi ya namba na dada mwenye sauti nzuri anakuita kwenye spika. Jina siweki. Mama mwenyewe ndo kakataa, anasema nikilitaja wa kwanza kuitwa ofisini atakuwa yule nesi aliyemsaidia, maana yupo kwa mkataba na mikataba ya pale anayeijua ni meneja peke yake. Atakayeitambua basi aitambue kimyakimya.

Nianze na mazuri yao maana yapo. Mapokezi wako fasta, kadi ya bima ya mama (ni mwalimu mstaafu) ilipita bila maneno, majibu ya maabara yanatoka muda ule ule waliosema, vyoo visafi na vina vile vyuma vya kushikilia ukutani, kitu ambacho hospitali nyingi hapa mjini hata hawajakiwaza, na mlinzi wa getini akiona mzee anashuka kwenye bajaji anakuja na kiti cha magurudumu bila kuitwa. Heshima nayo ipo ya kumwaga. Mlinzi shikamoo, mapokezi shikamoo, dada wa usafi shikamoo bibi, kijana wa maabara shikamoo bibi pole na foleni. Mama siku ya kwanza aliitikia marahaba mpaka akaninong'oneza, mwanangu nimechoka kuitikia na daktari bado sijamuona.

Shida inaanza baada ya marahaba. Akishaitikia tu, ni kama katoka chumbani.

Tuliingia chumba cha kupimia presha, nesi binti mdogo, mpole, kucha safi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi, afu akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni na mkoba wa mama: "Kaka, bibi anasumbuliwa na nini?" Nikamwambia muulize mwenyewe, huyo hapo. Akatabasamu, akaandika presha, akanigeukia tena: "Anakula vizuri? Choo anapata?" Sasa mama kafundisha hesabu darasa la saba kule Temeke mpaka anastaafu, sio mtu wa kupitwa na swali. Akavua miwani akaiweka mapajani. "Napata. Jana asubuhi na leo asubuhi. Kuna lingine unataka kujua kuhusu choo changu?" Binti wa watu akaona aibu, akasema samahani bibi, na swali lililofuata (kama ana mzio wa dawa yoyote) akaniuliza mimi.

Na simsemi vibaya yule binti, nahisi kafundishwa hivyo, kwamba mzee usimsumbue na maswali, mtoto wake yupo muulize mtoto. Kwetu hata nyumbani tunaona ndo adabu. Ila hospitali adabu ya hivyo ni hatari, maana dawa alizokuwa anameza usiku nilikuwa sizijui mimi, alikuwa anazijua yeye.

Daktari kijana, ana haraka lakini hana ubaya. Mama akaeleza vizuri tu kwa mpangilio kama anaandika ubaoni: akinyanyuka kichwa kinakuwa chepesi na macho yanaingia giza, hasa alfajiri akiamka kuswali, inabidi ashike ukuta, goti la kulia linauma akipanda ngazi, na usingizi unakatika katika. Daktari akauliza umri. 74. "Aah, bibi, hiyo kawaida sasa, ni uzee tu, mwili unachoka." Mama akamwambia mwaka jana nilikuwa na 73 na nilikuwa naenda Kariakoo narudi na kapu kwa daladala, huu uchovu umeingia lini? Daktari akacheka, akasema bibi una maneno, huku anaandika. Diklofenaki ya goti, vitamini, na diazepamu ya usingizi. Kumwona daktari elfu 30, dakika kumi hazikufika, na hakuna aliyemwambia asimame wamwone anavyosimama. Mgonjwa analalamika kizunguzungu cha kusimama, na jengo zima lile wamempima akiwa amekaa.

Hapa nitoke kidogo nje ya hospitali. "Ni uzee tu" unaisikia kila mahali mjini hapa, dirisha la duka la dawa, wodini, hata msibani, ila kiutabibu hiyo sio jibu. Shirika la Afya Duniani walipokuwa wanaandaa toleo la 11 la orodha yao ya magonjwa, lile lililoanza kutumika Januari 2022, walitaka kuingiza "uzee" kama hali yenye namba yake ya kuandikwa kwenye faili, wakapingwa na wataalamu na watetezi wa wazee wa nchi nyingi mpaka wakaliondoa, sababu waliyopewa ni hiyo hiyo, kwamba daktari akishapewa ruhusa ya kuandika uzee hana haja tena ya kutafuta kinachomuumiza mgonjwa. Shirika hilo hilo mwaka 2021 lilitoa ripoti kuhusu ubaguzi wa umri, humo kuna uchambuzi wa tafiti 149, na kwenye asilimia 85 ya hizo tafiti umri wa mgonjwa ndo ulikuwa unaamua nani apewe kipimo au tiba fulani na nani aachwe. Kwahiyo hatujaonewa peke yetu, ni ugonjwa wa dunia nzima, sisi tunauongezea shikamoo.

Turudi kwenye zile dawa. Kuna orodha inaitwa Beers, ilianzishwa Marekani mwaka 1991 na daktari Mark Beers, siku hizi inasimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha huko na wanaipitia upya kila baada ya miaka michache. Ni orodha ya dawa ambazo mtu wa miaka 65 na kuendelea apewe kwa tahadhari kubwa au asipewe kabisa. Diazepamu imo, maana inakaa mwilini muda mrefu kwa mzee na inaleta kuanguka na kuchanganyikiwa. Diklofenaki kwa matumizi ya muda mrefu imo, tumbo na figo vinaumia. Na Piriton, hiyo hiyo Piriton ya mafua tunayonunua kama pipi, nayo imo. Mama alikuwa anameza Piriton kila usiku apate usingizi, alishauriwa na muuza duka la dawa mtaani kwetu Tabata. Angeulizwa yeye angesema. Niliulizwa mimi.

Juu ya hapo ana dawa mbili za presha, amlodipini na ile ya kukojoza, na kwa vile inamwamsha usiku akaamua mwenyewe kupunguza kunywa maji. Weka hivyo vyote kwenye mwili mmoja wenye miaka 74 afu uongeze diazepamu.

Diazepamu mama hakuinywa, alisoma karatasi ya ndani ya boksi akairudisha (wanaosema wazee hawasomi waje nyumbani). Lakini hakukuwa na kilichobadilishwa pia, na haukupita muda alfajiri moja akaanguka mlangoni pa bafu. Alihamaki zaidi kuliko alivyoumia, paja likavimba, tukarudi pale pale maana ndo wenye faili lake.

Dharura walitupokea vizuri mno. Picha ya nyonga ikapigwa haraka, haikuvunjika alhamdulillah, wakasema wamlaze wamwangalie. Na wodini ndo nyota zilipoanza kudondoka.

Narudi kutoka kulipia nakuta mama amevalishwa pampasi. Pampasi! Mtu anatembea, anajua choo kiko wapi, kitanda chake ni cha tatu kutoka mlangoni mwa choo. Namuuliza nesi wa zamu anasema kaka ni kwa usalama wa bibi, asije akaanguka tena usiku, na sisi tuko wawili tu kwa wodi nzima. Hiyo ya wawili namuelewa kabisa, na ningemuelewa zaidi kama angemuuliza mama kabla ya kumvalisha. Mama alikuwa amegeukia ukutani kajifunika kanga mpaka kichwani. Mama yangu mimi, ambaye hata watoto wake hatujawahi kumuona bila ushungi mbele ya wageni. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, nivueni hiki kitu nitakaa bila kunywa maji. Kwa mgonjwa aliyeanguka kwa kukosa maji mwilini, maana ndo ilikuja kuonekana baadae, hiyo ndo tiba waliyompa.

Na watu wanaojua mambo ya wazee wanasema hivyo, mtu anayejiweza ukimvalisha pampasi kwa urahisi wako, kidogo kidogo anapoteza kujiweza, miguu inalegea kwa kutotembea, na kibofu kinasahau kazi. Anaingia hospitali anatembea anatoka anabebwa, afu tunasema uzee umemzidi.

Kitanda cha pembeni kulikuwa na bibi mmoja wa Magomeni, mkubwa kuliko mama kidogo. Huyo wodi nzima walikuwa wanamsifia. Bibi mtulivu, bibi hana usumbufu, bibi analala tu. Chakula anaachiwa mezani kinapoa kinaondolewa. Mkwe wake anakuja jioni anakaa anamshika mkono. Nikamsikia anamwambia nesi, lakini sista huyu mama sio mtulivu, wiki iliyopita tu alikuwa anagombana na wapangaji kuhusu hela ya LUKU mpaka majirani wakatoka. Akajibiwa ndo umri huo dada, wanabadilika.

Hapo sasa ndo akaingia yule nesi.

Ni mama wa makamo ya juu, kastaafu serikalini, unajua serikalini kwa lazima ni miaka 60, afu hawa wakamchukua kwa mkataba. Wenzie wanamuita bimkubwa, kwa utani ule wa mapenzi lakini pia wa kumuweka pembeni, mashine mpya ikija anaitwa kijana akafundishwe, yeye anaambiwa bimkubwa wewe pumzika. Kapewa kachumba nyuma ya ngazi cha kliniki ya presha na sukari, na asubuhi anapita wodini. Alipita kwa yule bibi wa Magomeni, akasimama, hakusoma faili kwanza. Akamuuliza mkwe, ameanza lini kuwa hivi? Sio ana umri gani, ameanza lini. Mkwe akasema Jumamosi. Basi akainua sauti hapo hapo wodini, mtu hazeeki Jumamosi, mkojo umepimwa? Haujapimwa. Homa hana. Akasema mzee anaweza kuwa na maambukizi na homa isipande, kichwa ndo kinatangulia kuonyesha. Ukapimwa, maambukizi kwenye njia ya mkojo, dripu na dawa zikaanza, na kabla sisi hatujaruhusiwa yule bibi alikuwa ameshaanza kuuliza nani anakusanya kodi yake.

Hiyo hali ina jina, deliriamu, ni kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na kitu kingine, maambukizi, kukosa maji, dawa, hata kufunga choo. Wengi tunajua ile ya mzee anayepiga kelele na kung'oa dripu. Kuna hii nyingine ya kimya, mtu anakuwa kimya tu analala, na hii ndo inapitwa sana maana mgonjwa asiyesumbua hakuna anayemlalamikia. Na ikitafutwa chanzo chake mara nyingi inarudi nyuma. Wodi iliyokuwa inamsifia yule bibi kwa kulala ilikuwa inamsifia kwa kuumwa.

Afu akaja kwa mama. "Shikamoo dada." "Marahaba." "Nikuite nani?" Mama akafunua kanga kidogo. "Mwalimu." Basi toka hapo ikawa Mwalimu mpaka tunatoka. Akavuta stuli akakaa, uso kwa uso, akamuuliza yeye, sio mimi, mimi nikaambiwa kwa adabu kabisa baba nenda kachukue chai. Nilikuwa mlangoni nasikia. Akamwambia nitajie kila kitu unachotia mdomoni, cha hospitali, cha dukani, cha mti shamba, na mimi sitakugombeza. Ndo Piriton ikatoka. Ndo habari ya kutokunywa maji ikatoka. Ndo na diklofenaki za zamani zilizobaki kwa jirani zikatoka, hizo hata mimi ilikuwa mara ya kwanza kuzisikia.

Baadae akamlaza dakika kadhaa akampima presha, 146 kwa 80. Akamsimamisha huku kamshika kiwiko, akasubiri dakika moja akapima, ikawa 121. Dakika ya tatu 114 kwa 68. Mama akasema ndo hivi hivi, giza hilo linakuja, akakalishwa. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni shida yenye jina na yenye namna ya kushughulikiwa, na ya mama ilishuka 32. Kipimo chenyewe ni mashine ile ile ya presha na subira ya dakika tatu. Hamna mashine ya kuagiza nje hapo.

Akamfuata daktari, mwingine sio yule kijana, akamsomea namba kwa mpangilio. Dawa ya kukojoza ikasimamishwa, Piriton na diklofenaki zikaondolewa, goti likapewa Panadol na mazoezi, maji akapangiwa anywe mchana zaidi na jioni apunguze ili usiku asiamke sana, na kunyanyuka kitandani kwa hatua, akae kwanza pembeni ya kitanda achezeshe miguu ndo asimame. Na pampasi ikatolewa, akawekewa kiti karibu na njia ya chooni apumzikie katikati. Kizunguzungu kimeisha karibu chote. Swala ya alfajiri anaswali amesimama.

Nikauliza kuhusu mazoezi ya viungo pale hospitali, maana wana chumba kizima chenye baiskeli na mipira. Mapokezi ya kile chumba wakaniambia kaka kwa umri wa bibi asumbuliwe wa nini, hiyo ni ya watu wa ajali na wachezaji. Nikacheka kwa uchungu. Mazoezi ya nguvu na ya kubalansi ndo kitu chenye ushahidi wa kutosha kabisa kwenye kuzuia wazee kuanguka, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 wa Cochrane (mtandao wa watafiti wa kimataifa wanaojumlisha tafiti za tiba) ulionyesha yanapunguza kuanguka kwa takribani asilimia 23 kwa watu wa miaka 60 na kuendelea wanaoishi majumbani. Na chumba muda mwingi kiko tupu! Bimkubwa ndo alimuonyesha mama mazoezi yenyewe kwenye kale kachumba ka nyuma ya ngazi, kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kutembea kisigino mbele ya kidole. Kachumba hakana dirisha, feni inalia, benchi la nje linajaa wazee wamekaa wanasubiri yeye tu. Mabingwa ghorofani wana sofa. Nilisoma ubao wao wa mabingwa pale chini wakati nasubiri lifti: watoto, wanawake, mifupa, moyo, ngozi, meno, masikio. Wa wazee hakuna, wakati ukihesabu waliokaa kwenye viti vya kungojea asubuhi nusu wana mkongojo.

Kitu kingine kilichonikera kinahusu mama mwenyewe. Kati ya ile ziara ya kwanza na kuanguka alianza kusema yeye mwenyewe, aah mimi mzee bwana, niacheni. Hajawahi kusema hivyo kabla. Aliacha kwenda kwenye kikoba chake cha Jumapili, akaacha kusuka ukili. Unaweza kuona ni maneno tu lakini Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2002 alichapisha utafiti wa watu waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka ishirini, wale waliokuwa wanauona uzee wao kwa uzuri waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya waliouona vibaya. Kwahiyo daktari anapomwambia mtu kwa tabasamu kwamba mwili umechoka tu, asijione hajampa dawa yoyote, kampa, na hiyo mgonjwa anaimeza bila maji.

Kuna mtu ataniambia ungempeleka serikalini. Ni kweli hospitali za serikali zina dirisha la wazee, sera ya taifa ya wazee ipo tangu 2003, mzee wa miaka 60 asiyejiweza anatakiwa atibiwe bure, na yale mabango ya kumpisha mzee apate huduma kwanza kila mtu kayaona. Ni jambo kubwa na wengine wangekuwa hawaoni daktari kabisa bila hilo. Ila dirisha linakusaidia foleni, ukishafika ndani kwa daktari unamkuta na yeye anaweza kukuambia ni uzee tu, sasa umewahi kuambiwa. Baba wa rafiki yangu alipita dirisha la wazee hospitali moja kubwa ya mkoa hapa hapa Dar na alipata huduma nzuri kuliko hii yetu ya vioo, shangazi yangu alipita dirisha kama hilo kwingine akapewa Panadol na pole. Inategemea unamkuta nani, na hiyo ndo shida yenyewe, kwamba inategemea.

Bili. Pampasi waliiandika pakiti nzima elfu 25 wakati imetumika moja na mgonjwa hakuiomba. Nikakataa kulipa, tukabishana kistaarabu pale dirishani, mwisho akaja msimamizi wakaifuta. Mkague risiti zenu mstari kwa mstari, hasa vile vitu bima haigusi. Kile kipimo cha presha ya kusimama, kilichofanya kazi yote, hakikuandikwa kokote kwenye bili wala kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Nilimuomba bimkubwa aziandike zile namba kwa mkono, anayehudhuria kliniki yoyote baadae na mzazi wake naye aombe hivyo hivyo, ya kulala na ya kusimama, na tarehe.

Afu baada ya kutoka akapiga dada wa huduma kwa wateja, namba yangu. Habari kaka, tunafuatilia huduma, bibi anaendeleaje, bibi aliridhika? Nikamwambia subiri nikupe mwenyewe. Akasita. "Ah kaka hata wewe tu unatosha." Nikampa mama simu. Mama akakaa sawa, akauliza kwanza unaitwa nani na unaandika au unasikiliza tu, chukua kalamu. Akaenda kituo kwa kituo, mlangoni, kipimoni, kwa daktari, wodini, kila kimoja anakitolea maksi na sababu. Mlinzi alipata 90. Daktari kijana alipata 35 na maelezo kwamba ana uwezo lakini hasomi swali. Pampasi alisema hilo sio la maksi, hilo ni la kuomba radhi. Dada wa watu nadhani aliandika kweli maana tulivyorudi kliniki kwenye kitanda cha wodi ile kuna karatasi imebandikwa, "Muulize mgonjwa kwanza", kwa maandishi ya kompyuta. Kama wanaifuata sijui, nesi wa vipimo siku hiyo alianza na mama, afu swali la pili akanigeukia.

Kwa anayetaka kwenda: kliniki ya bimkubwa ni asubuhi, uwahi kabla ya saa mbili, usipande lifti, pita nyuma ya ngazi kushoto. Beba dawa zote kwenye mfuko mmoja pamoja na zile za dukani. Parking ni ya tabu, bora bajaji ikushushe getini. Kantini wana uji wa ulezi mzuri lakini wanaweka sukari kabla ya kukuuliza, mwenye sukari awaambie mapema.